Damaris Kemunto, Aliyetamani Kuulizwa Amelalaje

Marehemu Damaris Kemunto Onchwari alizaliwa tarehe 9 Aprili 1985 huko Nyamira, Kenya, binti wa marehemu Mzee Alfred Onchwari na Mama Trinah. Kaka yake alikuwa amefariki miezi michache tu kabla, na nyumba ilikuwa bado imenyamaza kwa msiba. Damaris hakulala njaa wala hakupigwa. Ila hakuna aliyemuuliza amelalaje, au analilia nini. Tunayasoma haya kwa kuwa mwenyewe aliomba yasemwe, na mama, anayetusikiliza kwa simu, ameridhia.

Alisoma huko huko hadi kidato cha nne, mwaka 2003. Siku moja alivunjika mkono shuleni, akashinda nao hivyo hivyo bila kumwambia mtu. "Niko sawa" lilikuwa jibu lake hata homa ikimtetemesha.

Mwaka 2012 alikuja Dubai. Alisafisha vyumba vya hoteli mtaa wa Al Mankhool, kisha akawa mwangalizi wa watoto kwenye basi la shule. Alimuuliza kila mtoto aliyepanda, "Umelalaje?" na kweli akangoja jibu. Dereva, Bwana Waleed, ambaye wazee wake ni wa Unguja, alipiga honi weee! "Yalla, Damaris! Basi la skuli hili, si spitali!" Walichelewa sana, lakini watoto waligombania kiti kilicho karibu naye.

Tarehe 17 Desemba 2016 alifunga ndoa na Gibson Nyabuto, mlinzi. Asubuhi ya kwanza Gibson alimuuliza swali lilo hilo. Bibi harusi akajifungia bafuni, akalia. Maskini Gibson alidhani amemkosea! Hata hivyo hakuacha kuuliza, na polepole, akisaidiwa pia na mshauri wa kanisani, Damaris akajifunza kujibu. Bado alitamani kuulizwa na mama yake.

Saratani iligunduliwa Novemba 2024. Asubuhi ya tarehe 6 Machi 2025, mama alipiga simu hospitalini.

"Umelalaje, mwanangu?"

Gibson, aliyeishika simu, alingojea lile "niko sawa".

"Sijalala, mama. Naumwa."

"Nieleze. Niko hapa."

Akaeleza, mama akasikiliza, mpaka usingizi ukamchukua. Hakuamka tena.

Ameacha mume wake Gibson, binti yao Everlyn, mama yake, ndugu, na basi zima la watoto.

Alale kwa amani. Na asubuhi ile ya ufufuo, Bwana amuulize amelalaje.