Siku ya Taa, Mikahawa Yote Hufungwa

Benchi letu lipo mbele ya duka langu la tofu ya soya, hapa Isohama, pale barabara inapokata kwenda kwenye madhabahu ya kilimani. Ubavuni mwake kuna mashine ya vinywaji. Ukiitumbukizia sarafu inakutemea kopo la kahawa, la moto wakati wa theluji, la baridi wakati wa nyenje. Siku ninayoisema nyenje walikuwa wanapiga kelele mpaka masikio yanawasha. Posta alishamaliza kopo lake na kuanza kulitolea macho la mwenzake. Huyu ni tarishi mstaafu, kila mlango wa peninsula hii ameugonga, basi anadhani kila jambo analijua. Mama Tambi, mwenye mkahawa wa tambi ng'ambo ya barabara, alikuwa anajipepea na aproni. Na Bega alikaa pembeni, kopo mkononi halijafunguliwa. Jina lake ni Genzo. Bega tunamwita kwa nundu aliyo nayo begani, ya kubeba taa ya sherehe ya mtaa wetu tangu ujana. Taa yenyewe ni mnara wa mbao na karatasi, mrefu kuliko nyumba, na haiinuki mpaka mabega yajae chini ya miti yake yote ya kubebea. Tangu tetemeko la ardhi lililobomoa mtaa, imelala bandani. Vijana wamehamia mji wa Kanazawa, na nyumba nyingi zimebaki viwanja. Sasa kamati ya sherehe ilikuwa imemwambia Bega ajibu siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama: taa inatoka kiangazi hiki au haitoki? Kama haitoki, inapelekwa makumbusho mjini, ikasimamishwe nyuma ya kioo.

Bega: Nitawaambia haitoki.

Posta: Wewe! Hata chakula cha mchana hatujala, ushakata tamaa?

Bega: Nitolee mabega basi. Yako wapi? Wewe mgongo, huyu magoti, Bi Tofu hapa nikimpa mti namzika.

Mimi: Nizike, lakini taa itoke.

Mama Tambi: Msitaje kuzikana bwana, joto lenyewe hili!

Posta: Sikilizeni, tatizo nalijua. Tatizo ni mikahawa. Watu wa siku hizi hawafuati sherehe, wanafuata bakuli. Mtaa wa juu wana mkahawa wa kaa, na kile kitabu cha mwongozo wa mikahawa na sherehe za kiangazi kimewapa ukurasa mzima na picha. Mgeni anaenda kula kaa, akishiba anageuka, anaona taa yao, anapiga picha, anabeba. Sisi tuna nini?

Mama Tambi: Tambi zangu zina kasoro gani?

Posta: Tambi hazina kasoro. Bakuli ndilo dogo. Tafuta bakuli ambalo mtu anaweza kuoga ndani.

Mama Tambi: Ukishaoga wewe, nani atakula tena?

Posta: Unacheka. Haya, acha bakuli. Taa tuifungie magurudumu.

Bega: Ishia hapo hapo.

Posta: Magurudumu na mota ndogo. Unabonyeza, inaenda.

Bega: Marehemu baba angekusikia angekutandika na hizo ndala zako. Taa inabebwa! Ukiiburuza si taa tena, ni mkokoteni wenye balbu.

Posta: Basi tukodi wacheza mieleka, wale wanene wa sumo. Wanne tu, kila kona mmoja. Tutawalipa kwa tofu.

Mimi: Tofu ya nani?

Mama Tambi: Hao wanne wakimaliza tofu watakula na duka.

Posta: Mnadharau. Helikopta je? Kamba kutoka juu, sisi chini tunaweka mabega tu kama tunabeba. Nani atajua?

Bega: Mimi nitajua.

Aliisema taratibu. Nikamwona Bega anatazama kilimani, kule liliko banda. Nyumba yake ilianguka mwaka ule wa tetemeko, na hatukumwona analia. Sasa aligeuza uso, tusimwone.

Ndipo ikaja pikipiki. Kijana akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, akatuinamia kwa adabu, akanunua kahawa. Alijitaja kuwa ni Haruma, anafanya kazi kiwandani Kanazawa. Mfukoni alikuwa na kile kitabu cha mwongozo alichokitaja Posta.

Haruma: Shikamooni wazee wangu. Eti siku ya taa, hapa kwenu mtu anakula wapi?

Tukatazamana.

Posta: Siku ya taa? Hakuna. Mikahawa yote hufungwa.

Mama Tambi: Hata mimi nafunga. Nani atapika tambi siku ya taa!

Haruma: Ndivyo kitabu kinavyosema. "Isohama: hakuna mkahawa unaofunguliwa siku ya sherehe. Wageni wabebe chakula chao." Ndiyo maana wenzangu hawataki kuja.

Mama Tambi: Wabebe chakula chao? Nani kaandikisha upuuzi huo?

Posta akaanza kukuna goti.

Posta: Kuna dada alipiga simu. Aliuliza siku ya sherehe mikahawa mingapi inafunguliwa. Nikamjibu ukweli. Hata mmoja.

Mama Tambi: Halafu?

Posta: Halafu akashukuru, akakata.

Haruma: Kwa hiyo nyinyi siku hiyo mnashinda njaa?

Jamani, tulicheka! Mama Tambi alijishika mbavu, hata Bega kikamtoka kicheko cha puani.

Mama Tambi: Njaa? Siku ya taa? Mwanangu, siku hiyo kuna wali mwekundu wa maharage, vibua vya siki, mwani wa kuviringisha, viazi vya kuchemsha, tofu ya Bi Tofu ya kukaanga. Unakula mpaka mkanda unaomba msamaha!

Haruma: Wapi sasa, kama kumefungwa?

Mimi: Majumbani. Siku ya taa kila nyumba mlango wazi. Unaingia, unavua viatu, unakaa, unaletewa sahani.

Haruma: Nyumba ya nani?

Mimi: Yoyote.

Haruma: Hata mimi, nisiyemjua mtu hapa?

Nikamkumbuka mama mkwe wangu. Nilipokuwa bi harusi mgeni niliufunga mlango siku ya taa, nikiogopa nzi. Sauti yake naisikia hadi leo: "Kinuyo! Fungua mlango huo! Unataka watu wapitie dirishani?" Na nikamkumbuka muuza masufuria mmoja aliyekuwa anapita kila kiangazi. Alikula kwetu miaka na miaka, wala jina lake sikuwahi kulijua. Akishiba anasema, "Haya shemeji, tumbo limejaa, mti uko wapi wa kulazia bega?" Kisha anatoka na mume wangu wanaingia chini ya mti. Mume wangu alipofariki, yule bwana alikuja akalia kama ndugu. Nikamsimulia kijana yote hayo.

Haruma: Ina maana anayekula ndiye anayebeba?

Bega: Hatumlazimishi mtu. Lakini umekula kwa watu, unasikia ngoma, wenyeji wako wanatoka mlangoni. Utabaki umekaa na mifupa ya vibua?

Haruma akaangalia kitabu, akatuangalia sisi.

Haruma: Sasa mbona hamjamwambia mtu?

Posta alifungua mdomo, nikajua linakuja la helikopta, halikuja. Mama Tambi akaikunja aproni, akaikunjua. Tulikuwa tumeumiza vichwa mwaka mzima juu ya bakuli na magurudumu, na chakula chetu kikubwa kuliko vyote hatukukihesabu kwa sababu hakina kibao mlangoni.

Bega: We kijana. Hao wenzako wana mabega?

Haruma: Kila mmoja mawili, mzee.

Bega akalifungua kopo lake. Akanywa yote kwa pumzi moja, akainuka, akapiga simu kwa kamati pale pale, kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini.

Bega: Genzo wa Isohama hapa! Inatoka! Nasema taa ya Isohama inatoka!

Posta: Na wasipokuja?

Bega: Tutaibeba mimi na wewe. Uanze mazoezi.

Lakini Posta hakungoja kuambiwa. Kesho yake alitoa kofia yake ya kazi kabatini, akapita mlango kwa mlango kama zamani, akiwaambia watu wafungue milango siku ya taa na wawaite watoto wao, hadi kule kwenye vyumba vya muda walikohamishiwa waliobomokewa nyumba zao. Mama mmoja wa huko akamwambia chumba chake hakitoshi hata watu wawili. Posta akamjibu, "Basi waingie miguu, vichwa vibaki nje."

Siku ya taa ilipofika niliamka nikaloweka, nikasaga, nikakaanga. Milango yote ilikuwa wazi. Wali mwekundu ukapoa. Hakuna mtu. Bega alisimama mbele ya banda na joho lake la bluu, mkono juu ya mti, wala hatazami barabara. Mama Tambi akaninong'oneza, "Bi Tofu, tumepika kwa ajili ya paka." Nikamwambia nyamaza.

Kisha tukasikia mngurumo. Mwanzo nilidhani radi. Zilikuwa pikipiki, Haruma mbele, msururu nyuma yake unakata kona ya bandari. Baada yao magari, na ndani ya magari nyuso ninazozifahamu: watoto wetu waliohama, na watoto wao, na wachumba wao. Hao walikuwa hawaji kwa kuona haya, kwamba nyumba zao hazipo tena, wataingia wapi? Wakaingia popote! Kwangu walikaa hadi juu ya magunia ya soya. Kwenye vyumba vya muda walikula wamekaa barabarani, sahani mapajani, na yule mama anawapigia kelele, "Ongezeni! Mnakula kama wagonjwa!"

Jua likiwa linazama ngoma ikalia. Hakuna aliyeita mtu. Walitoka tu milangoni wakijifuta midomo, wakaingia chini ya miti, wenye joho na wenye fulana za kiwandani, mpaka nafasi zikaisha na wengine wakawa wanagombania.

— Sogea huko, nami nimekula!

— Umekula kwa nani wewe?

— Sijui jina lake!

Bega akapaza ukelele wa wabebaji. "Yassai!" Wakaitikia, mti ukapiga kelele, na taa ikainuka. Nawaambia ikainuka! Ikapita juu ya mapaa, juu ya viwanja vitupu, karatasi zake zinawaka rangi ya chungwa, na watu wa mtaa wa juu wakaacha taa yao wakashuka mbio kuja kuitazama ya kwetu. Posta alikuwa chini ya mti wa nyuma na mgongo wake mbovu, anapiga ukelele kuliko wote.

Kesho yake tulikaa benchini. Mashine ya kahawa iliwaka taa nyekundu kila kitufe. Wageni walikuwa wameimaliza yote. Bega, bega limemvimba kama andazi na hataki kupakwa dawa. Simu ya Posta ikalia. Ni yule dada wa kitabu. Amesikia habari, na anataka kusahihisha ukurasa wa Isohama: je, siku ya sherehe mikahawa mingapi inafunguliwa?

Posta akajiweka sawa kofia.

— Hata mmoja, mama, akasema. Lakini usikate. Safari ile sikumaliza.