Jarida Alilolifuta Osea Nzunda kwa Mkono Wake

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kitongoji, madereva na mawakala mliofunga safari kutoka Tunduma, majirani wa hapa Igamba na ndugu wote ambao hamjalala kwenu tangu Jumanne, familia ya Mzee Anania Nzunda inaomba mtulie msikilize maisha ya mtoto wao Osea, yanayosomwa na dada yake mkubwa, Nesta, ambaye wajomba wamemwomba asome kwa upole, naye amewajibu kwamba atajitahidi lakini haahidi.

Osea Anania Nzunda alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, hapa hapa Igamba, wilayani Mbozi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Anania na Mama Enesi, wakulima wa kahawa na mahindi, akabatizwa mwaka huo huo siku ya Pasaka, na akakua akichuma kahawa na wenzake huku akiwapigia hadithi ndefu hata jioni ikafika debe halijajaa, jambo lililomponza kwa fimbo za baba yake mara nyingi, na baba yake yupo hapa mbele na hakatai.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari Vwawa kuanzia 2001 hadi 2004, na baada ya kukaa nyumbani miaka miwili akisaidia shambani alikwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya forodha na ugomboaji wa mizigo, akahitimu Novemba 2008, na tarehe 2 Februari 2009 akaajiriwa kama karani katika ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomlaza.

Wenzake wa ofisini, ambao wamekaa upande wa kulia, watashuhudia kwamba Osea alikuwa mtu wa karatasi, kilichoandikwa alikifuata hadi nukta, na alikuwa na msimamo wake kwamba mtu akishasaini kuwa amekabidhi mzigo, amekabidhi, hawezi kusaini kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia turubai. Kwa msimamo huo aliheshimiwa pande zote mbili za mpaka, na kwa msimamo huo huo watu walimmaliza.

Tarehe 24 Septemba 2011 alifunga ndoa takatifu na Rozi Silwimba, mwalimu wa Kiswahili, binti wa Tunduma, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gasper aliyezaliwa mwaka 2013 na Irene aliyezaliwa mwaka 2016.

Sasa familia inafika mahali ambapo baadhi yenu mtainamisha vichwa, na Nesta hatapita hapo mbio. Mwaka 2012, foleni ya malori ilipokuwa ikimkalisha dereva Tunduma siku nne au tano, alikuwapo dereva wa Ndola anayeitwa Lucky, ambaye leo amekuja na amesimama kule nyuma, aliyekuwa na mfuko wa madadu ya pande nyingi na kitabu kilichochakaa, na siku moja Osea alipompelekea karatasi zake alimkuta kwenye kivuli cha lori na wenzake watatu, akamsalimu kwa Kibemba, “Mulishani mukwai,” kama ilivyo kawaida ya mpakani, na Lucky akamjibu kwa Kiswahili, “Kaa hapa, karani, tunakosa mtu wa kufa,” maana mhusika mmoja katika hadithi yao alikuwa hana wa kumchezea. Ni mchezo wa kusimulia mezani, ambamo mmoja anakuwa msimulizi, waliobaki kila mmoja anajivika mhusika wake, na dadu ndilo linaloamua kama mtu ameuvuka mto au ametumbukia, basi, hakuna anayeweka hela na hakuna anayeita jini.

Osea aliupenda mchezo huo kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote kisichokuwa mtu, akawafundisha makarani, mama lishe na walimu wa shule ya Rozi, akamfanya fundi seremala mmoja achonge madadu kwa mti wa kahawa na kuchoma namba juu yake kwa msumari wa moto, na tarehe 1 Juni 2014 akatoa toleo la kwanza la jarida aliloliita Dadu la Mpakani, lisilochapishwa popote, linalosomwa kwenye simu na kompyuta tu, likitoka kila baada ya miezi miwili bila kukosa, hadi toleo la arobaini, Desemba 2020. Humo ndimo alimoandika visa vya kuchezwa, ramani za mapango yasiyokuwapo, zimwi la chumvi linaloishi chini ya ardhi huko Mbangala na kudai kila mpita njia aonyeshe kibali chenye mhuri, na kurasa mbili za kujibu barua za wasomaji, na Rozi alisahihisha kila sentensi kwa wino mwekundu kabla haijatoka. Lilisomwa Kitwe, lilisomwa Kigoma, lilisomwa na wachimbaji wadogo wa Galula wakati wa mvua wakisubiri mashimo yakauke.

Mwaka 2016, mwezi wa Mei, aliitwa mbele ya kamati ya kanisa letu la mtaa ajieleze kuhusu kamari na ushirikina, na Mzee Shadrack, ambaye yupo kwenye kiti cha pili na Nesta anamheshimu kama baba mdogo, alilishika lile dadu kwa leso kama anayeokota panya aliyekufa, akauliza, “Pande ishirini za nini, mwanangu, wakati za kawaida ni sita?” na Osea akaeleza kwa saa nzima, na kamati ikamsimamisha kuimba kwaya miezi sita. Alikaa benchi la nyuma miezi yote sita, hakukosa Jumapili hata moja, na hakulalamika. Familia ilisamehe hilo, kwa kuwa wazee walikosea wakimpenda.

Ambacho familia haijasamehe ni hiki kinachofuata. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ilimjia kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo tumekubaliana kwamba jina lake lisitamkwe mbele ya jeneza hili, ikamwambia kwamba jarida lake ni hazina, litahifadhiwa mahali salama, litasomwa na Afrika nzima, awauzie jina la jarida na matoleo yote arobaini, naye tarehe 19 Machi 2021 akasaini, akapewa kompyuta moja ya mkononi na fulana mbili zenye nembo yao. Katika karatasi ile kulikuwa na mstari unaosema kwamba muuzaji hatabaki na nakala. Mtu mwingine yeyote angesaini, angecheka, angebaki na nakala zake kwenye droo, hata mwanasheria wa kampuni yenyewe angebaki nazo, lakini Osea alikuwa karani wa forodha wa Tunduma, akakaa mezani Jumamosi nzima, akafuta toleo moja baada ya jingine, akafuta na yale ya kwenye simu ya Rozi, akachoma na kurasa zenye wino mwekundu. Kisha, na hapa Nesta anaomba radhi kama sauti itapanda, akaandika kwenye kundi la wasomaji kwamba mzigo umeshakabidhiwa, sasa una mwenyewe, kila mmoja afute nakala alizonazo na aandike neno “Nimefuta,” na asiyefuta si mwenzetu. Wakaandika, mmoja mmoja, watu mia mbili na kumi na saba, kwa sababu walikuwa wakimwamini.

Tarehe 31 Januari 2022, haujatimia hata mwaka, kampuni ilitoa tangazo la mistari mitatu kwamba maudhui hayo hayakufanya vizuri na yameondolewa. Maudhui! Miaka sita na nusu ya mtu, wanaiita maudhui, kama unga uliomwagika kutoka kwenye gunia lisilo na jina. Osea alipiga simu siku tisa mfululizo, na siku ya kumi akapokelewa na meneja anayeitwa Brian, aliyemwambia huku anatafuna kitu, “Broo, hivyo vitu hatuna tena, tulishasafisha.” Neno hilo Nesta hajalisamehe tangu siku hiyo, kwa sababu kinachosafishwa ni choo, kinachosafishwa ni bucha jioni, na kama kazi ya mdogo wake ilikuwa uchafu basi wasingemfuata Tunduma kwa gari lenye viyoyozi kuja kuiomba. Osea alipouliza kama anaweza kurudishiwa, akajibiwa kwamba mkataba hauruhusu, yaani hata kisichokuwapo ni mali yao.

Kuanzia hapo aliishi akitafuta. Aliuliza mafundi simu, aliandikia watu wa Kitwe na Kigoma, alimtuma Lucky akague kompyuta za jamaa zake huko Ndola, na kila mahali alijibiwa kwa heshima ile ile kwamba alisema wafute, wakafuta. Hakuwahi kuwalaumu, alisema, “Mimi ndiye niliyewatuma,” na neno hilo lilikaa ndani ya nyumba yake miaka mitatu.

Novemba 2024 alianza kukonda na kukataa chakula, akatibiwa Tunduma, akapelekwa Vwawa, na Februari 2025 akapelekwa Mbeya, ambako madaktari waligundua saratani ya ini iliyokuwa imeshasambaa, wakafanya yote waliyoweza na kutuambia ukweli kwa lugha ya kibinadamu. Kitandani aliomba daftari la kaunta buku, akaanza kuandika upya kwa kukumbuka, akamaliza toleo la kwanza na la pili, na alipofika katikati ya la tatu vidole vikakataa kalamu, na Rozi alipojaribu kumwandikia, Osea akawa anachanganya visa, analia kwa hasira kama mtoto. Wageni walimletea machungwa na juisi, naye alimuuliza kila mmoja swali moja, kama hakubakiwa hata na ukurasa mmoja wa jarida.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa, Osea alifariki dunia, Rozi amemshika mkono wa kulia na mama yake wa kushoto. Juzi kampuni ile ilituma shada la maua lenye utepe wa jina lao, pamoja na ujumbe unaoanza “Mpendwa mteja” na kuomba picha ya marehemu waiweke kwenye ukurasa wao, na yeyote anayetaka kuliona shada hilo atalikuta nyuma ya banda la nguruwe, nguruwe wenyewe hawajaligusa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tunduma, Vwawa na Mbeya, inawashukuru majirani wa Igamba kwa kuni, maji na usiku wa baridi mliokesha nasi, inawashukuru waajiri na mawakala wenzake kwa usafiri na jeneza, kwaya iliyomrudisha kundini na leo inamwimbia, Lucky na wenzake walioacha malori yao kwenye foleni, na Mzee Shadrack, aliyekwenda Mbeya mara nne kumwombea na safari ya mwisho akamwomba amfundishe huo mchezo.

Inamshukuru pia mtu ambaye jana Nesta alitaka kumfukuza. Jana alasiri alifika kwa pikipiki kutoka Galula mama mmoja anayeitwa Atuganile, anayepika chakula cha wachimbaji, akiwa amejaa vumbi hadi kwenye kope, akapiga magoti mbele ya Rozi, akafungua fundo la khanga na kutoa kadi ya simu yenye matoleo ishirini na matatu, kuanzia la kumi na nane, ambalo ndilo la kwanza kumfikia, hadi la arobaini. Mama huyu alikuja kumwona Osea wodini mwezi wa Julai, akaulizwa swali lile, akajibu kwamba alifuta. Nesta alimuuliza jana, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwa nini alimwacha afe hivyo, naye akasema, “Niliandika nimefuta, dada, na yeye alikuwa mtu wa ukweli, niliona haya anijue kuwa mwongo.” Familia imelala na jibu hilo. Tumechukizwa na kampuni, tumechukizwa na mstari ule wa mkataba, lakini ni lazima isemwe hapa, hata unyofu wa Osea wenyewe umetuchukiza, kwa sababu ndio uliomfanya mama mwenye dawa mkononi aogope kuitoa.

Yamebaki matoleo kumi na saba ya mwanzo, ambayo kati yake tunayo mawili tu na nusu, kama alivyoyakumbuka kitandani. Katika umati huu, na huko Kitwe na Kigoma ambako Lucky ameahidi kuituma sauti hii anayoirekodi, kuna watu waliomwandikia Osea neno “Nimefuta” na hawakufuta. Tunawaomba, tunawasihi, msiwe na haya tena, mliyemwonea haya tunamshusha sasa hivi, njooni kwa Rozi mkiwa waongo kama mlivyo, mtapokelewa kwa chai. Na kama wote waliobaki mlimtii, basi yale mengine tunayazika naye leo.

Osea, mtoto wa Anania na Enesi, mume wa Rozi, baba wa Gasper na Irene, pumzika kwa amani, na hasira tuachie sisi.