Jina Ubavuni mwa Boksi la Cheri

Wasikilizaji wapendwa, mimineni chai mkae. Leo tunamkumbuka Sotvoldi, muuza maboksi wa hapa Osh. Alifariki mwezi Machi. Mimi nimechoka, na habari yenyewe inachosha, lakini lazima isemwe.

Kazi ya Sotvoldi ilikuwa maboksi ya cheri. Mdogo wake, Mamurjon, naye ni mtu wa maboksi, ila yuko Andijan, ng'ambo ya mpaka, Uzbekistani. Baba mmoja, mama mmoja, nchi mbili. Kila Nowruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, walikutana, na kila Nowruz waligombania karatasi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, Kirgizia yetu na Uzbekistani zote ziliagiza kutoka nje. Daftari, bahasha, maboksi, kila kitu. Tulikuwa sawa. Miaka ikapita. Wenzetu wakawa wanaagiza karatasi nzito na kutengeneza maboksi wenyewe. Sisi tukabaki kuagiza maboksi. Narudia: wao karatasi, sisi maboksi.

"Kaka, nyinyi mnanunua hata mikunjo!" Mamurjon alimwambia mbele ya sinia la pilau. "Mungu kawapa mikono ya nini?"

"Ya kukuzaba kofi. Kula, mdogo wangu."

Sotvoldi alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Akauza nusu ya bustani yake, akanunua mashine kuukuu ya maboksi. Karatasi ikifika, umeme hakuna. Umeme ukirudi, karatasi imekwama mpakani. Na cheri haisubiri mtu. Wakulima wakaendelea kununua maboksi ya nje. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka kifua kikamlaza.

Akamwambia mkewe, Hanifa: "Uza chochote. Mashine usiuze. Ibaki Osh."

Siku ya mazishi Mamurjon alisimama langoni, mshipi kiunoni juu ya joho, fimbo mkononi, akilia, "Kaka yangu! Kaka yangu!" Ndiyo desturi yetu. Lakini sauti ile haikuwa ya desturi.

Arobaini ilipopita, Hanifa alimwita.

"Ichukue mashine, shemeji."

"Kaka alikataza."

"Kaka yako amelala. Mimi ndiye ninayeitazama ikila kutu. Nikachemshe chuma, ninywe mchuzi wake?"

Mashine ikavuka mpaka.

Kuna waliopiga simu hapa redioni kumlaumu mama huyu. Nawauliza: nani kati yenu aliwahi kununua boksi alilotengeneza mume wa Hanifa? Basi, nyamazeni.

Sasa ni Juni. Maboksi mapya yamefika sokoni, kutoka Andijan. Ubavuni yamechapwa kwa herufi kubwa: SOTVOLDI. Nilimpelekea Hanifa moja. Alilisoma, akapitisha kidole kwenye mikunjo.

"Limenyooka," akasema. "Yeye hakuwahi kulipata hivi."

Akaenda jikoni, akatia vitunguu ndani yake.

Hanifa, pole. Mamurjon, unayetusikia huko ng'ambo, pole nawe. Mungu amrehemu Sotvoldi na ampe mapumziko aliyoyakosa. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkirudi na cheri leo, msilitupe boksi kabla ya kulitazama ubavuni. Jina ni la mtu wetu. Boksi tumelinunua nje.