Kiraka cha Kompyuta

Basi halijatoka kituoni, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alishaanza kujicheka. "Nilipiga Windows upya mwenyewe, kaka yangu, na kiherehere changu. Nikaona kwenye diski kuna kipande kidogo, hakina jina wala faili. Nikakifuta, nipate nafasi ya picha za magauni."

"Lo, dada! Hicho ndicho cha kuifufulia mashine ikigoma," alisema jirani yake, muuza simu.

"Na imegoma, na vipimo vya bibi harusi vimo humo humo."

"Si ulitengeneza flashi ya dharura?"

"Nilitengeneza. Nikaifuta, niweke magauni yaliyobaki."

Nilikohoa ili nisicheke.

"Mtu hafuti asichokijua," muuza simu alishikilia. "Kwani mabaki ya kitambaa unayatupa?"

"Thubutu! Nampa mteja aondoke nayo, nguo ikichanika apate kiraka. Lakini kitu kisicho na jina, ndani ya nyumba yangu, nakifagia tu."

Basi likasimama. Alipoinuka kushuka, akaniona naitazama sketi yake, imechanika nyuma na kubanwa kwa pini.

"Usishangae, mwanangu," akaniambia. "Kiraka chake nacho nilikifagia."