Sauti Yangu, Uso wa Lorna

Funga huo mlango, Marva, nawe Clyde zima simu, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kupima kwa kijiko na sitaki kuigawana na watu wa televisheni. Kaeni hapa kitandani, mmoja huku mmoja huku. Nina mambo ambayo mnayajua nusu, na nusu ya jambo ni mbaya kuliko uongo mzima, kwa sababu uongo mzima angalau una mwenyewe.

Kwanza vya mikononi, nivimalize. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, ila dada yangu Eulalie asiguswe chumbani mwake mpaka naye atolewe kama nitakavyotolewa mimi. Cherehani ni ya Marva. Makoti ya baba yenu Alford, Clyde, uyavae au uyagawe, usiyarudishe kabatini yaliwe na nondo. Miaka tisa yatosha. Kofia zangu wapeni kina mama wa kanisa wachague wenyewe. Wagombane kidogo, itawafurahisha.

Sasa lililonifanya niwaite. Usiinamishe kichwa, Clyde, sijakupiga. Jana ulidhani nimelala, nami nikakusikia pale ukumbini ukimwambia yule mtu wa televisheni, "Sawa, Lorna anakaribishwa, ataimba 'Jumapili Hairudi' kanisani siku ya mazishi, Mama angependa." Mama yupo hatua tano kutoka hapo, hajafa bado, na hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Nyamaza, nitakupa nafasi yako nikimaliza, na kama nitakuwa sipo utajijibu mwenyewe.

Mnajua nililetwa huku Uingereza, Leeds, kutoka kisiwani Nevis kule Karibi nikiwa na miaka sita, ndani ya koti la kuazima. Sauti niliipata kanisani, na bibi yenu Ismay alikuwa mama wa maombi, mtu asiyekuwa na mzaha na nyimbo za dunia. Siku aliposikia Verona wake ameonekana akiimba katika klabu ya wachimba makaa kule Castleford, alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwa mchungaji, nikawekwa benchi la nyuma miezi sita, siruhusiwi kuimba wala kushuhudia, nimekaa na watoto watukutu kama mgeni asiyejulikana. Na huko klabuni nako, katibu wa burudani, mzee mmoja mwenye sigara sikioni, alinifuata nyuma ya jukwaa akaniambia, "Kipenzi, sauti unayo, lakini ipunguze, watu wanashindwa kula pai zao. Na ukimaliza wimbo wa tatu ushuke, mchezo wa bingo haumngojei mtu." Ndivyo nilivyoishi: kanisani nimezidi udunia, duniani nimezidi kelele. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nilifungwa miguu yote miwili.

Mwaka wa sabini na nne nikatoa santuri yangu, ya kwanza na ya mwisho yenye jina langu, Verona Liburd, herufi nyeupe juu ya kibandiko chekundu. "Koti la Mume Mwingine." Redio haikuigusa. Nakala nyingi zikalala gerejini kwa mpiga besi wetu mpaka zikapinda. Halafu miaka mitatu baadaye baba yenu akanipeleka Lancashire, katika ukumbi ambako vijana wa viwandani walikuwa wakikesha wakicheza soul, muziki wa Wamarekani weusi, wamemwaga poda ya watoto sakafuni ili viatu viteleze. Ngoma zikaanza, nami nikasikia sauti yangu, na ukumbi mzima ukainuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nililia, sifichi. Nikaenda kwa yule mpiga santuri nione kibandiko. Mnaijua tabia yao: akipata santuri adimu ambayo mwenzake hana, hubandika karatasi juu ya jina la kweli na kumbatiza mwimbaji jina la kubuni, wapinzani wasijue waitafute wapi. Mimi nilikuwa nimebatizwa Odessa Crane wa Detroit.

Nikamwambia mchezaji mmoja aliyekuwa hapo, jasho linamtiririka, "Huyo ni mimi." Akanitazama juu mpaka chini, akacheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Dada yangu, ungekuwa wewe ungekuwa unakaa Leeds? Huyo ni Mmarekani. Sikia tu, hao wameumia." Baba yenu akataka kumkamata ukosi, nikamzuia. Lakini hoja ya yule kijana niliibeba mpaka nyumbani na ninayo hadi leo, kwamba maumivu yana nchi yake, na kwamba mwanamke mweusi wa Leeds, aliyesimama mbele yake na chozi shavuni, hakuwa ameumia vya kutosha kumiliki sauti yake mwenyewe. Walinipenda mno wakanificha. Hao ndio waliokuwa upande wangu.

Sasa wasikilizeni wale ambao hawakuwa.

Mwaka wa themanini na moja aliniita mtayarishaji mmoja, Dennis Haigh. Alikuwa na wimbo, huo huo 'Jumapili Hairudi', na alikuwa na Lorna Pickersgill wa Harrogate, msichana mwenye uso ambao kamera ilikuwa haibanduki kwake. Kazi yangu ilikuwa sauti ya mwongozo: niimbe wimbo wote mara moja, Lorna ausikilize masikioni, aufuate, kisha yangu ifutwe ibaki yake. Hiyo ni kazi halali, wengi huifanya, wala haina aibu. Nilikuwa na mimba yako, Marva, ya miezi saba, umenikalia hapa chini ya mbavu, na katika ubeti wa tatu ukanipiga teke, pumzi ikaniishia katikati ya neno. Nikaivuta palepale. Juma, pumzi, pili. Hakuna mwimbaji mwenye akili zake apumuaye pale. Nikamwambia Haigh tuurudie, akasema, "Ya nini, mama, si inafutwa?"

Lorna alijaribu siku nne. Ya tano sikuitwa. Wiki ya saba nakaanga samaki wa chumvi jikoni, redio ikapiga wimbo ule, nikaisikia ile pumzi.

Mafuta yaliungua, Eulalie shahidi: sauti yangu haikufutwa, ila jina lililotajwa ni la Lorna. Wimbo ulikaa juu ya orodha ya santuri zinazouzwa majuma matano, Lorna akasimama kwenye televisheni na gauni la fedha akifungua mdomo, na kila ubeti wa tatu akapandisha mabega akapumua pale nilipopumua mimi, maana alikuwa ameshafundishwa. Leo hakuna harusi wala baa wala mashindano ya vipaji katika nchi hii ambako mtu akiuimba wimbo ule hapumui pale, na waamuzi husema tazama ufundi, amejifunza kwa Lorna. Ufundi. Ni teke la Marva.

Mtasema, Mama, kwa nini hukusema? Swali zuri, na sitalikwepa, kwa sababu nimechoka kuwa mtu wa kuonewa tu. Mwaka wa themanini na tisa alikuja mwandishi wa gazeti, mwanamke mpole, amekaa pale pale anapokaa Clyde akija na wajukuu. Alikuwa amezilinganisha santuri mbili, ile yangu na ile ya Lorna, na masikio yake hayakuwa na shaka. Akaniuliza, "Bi. Liburd, ni wewe?" Na bibi yenu Ismay alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anasikiliza. Nilikuwa nimemwapia kwamba tangu lile benchi la nyuma sikuwahi tena kuimba wimbo wa dunia. Nikamjibu yule mwandishi, "Hapana, umekosea mtu."

Neno moja tu hilo. Gazeti likaliandika, na Lorna akalitembelea miaka thelathini na kitu kama mkongojo: muulizeni Verona, mwenyewe ameshakana. Bibi yenu alipokuwa anakata roho alinishika kidole akasema, "Nashukuru uliacha mambo yale." Nikasema ndiyo, Mama. Nilichagua kiti cha mbele kanisani, nikaliacha jina langu nyuma. Hilo ni langu, simtwiki Haigh wala Lorna. Lakini sikilizeni vizuri: aliyekana amekosa, na aliyeiba pia ameiba, na kosa langu halimwoshi yeye. Mtu asije akawaambia kwamba kwa kuwa Mama alinyamaza, basi hapakuwa na wizi.

Nipe maji, Marva. Kidogo tu.

Lorna alinipigia simu mara moja maishani, baba yenu alipofariki. Akasema, "Verona, siku zote nimetamani kukuimbia kitu." Nikamuuliza, "Kwa sauti ipi?" Akakata. Na sasa, Clyde, wanatengeneza filamu ya maisha yake na wanataka mwisho mzuri, na mwisho mzuri ni jeneza langu. Unasema ataimba. Mwanangu, Lorna hataimba. Watafungulia santuri naye atafungua mdomo, kama alivyofanya miaka yote. Maana yake nitakuwa ndani ya sanduku nikiimba, na Lorna amesimama juu yangu akipumua pumzi yangu, na watu wangu wanalia kwa kuguswa. Ndilo ulilolikubali pale ukumbini. Najua hukujua. Ndiyo maana nakwambia ningali na ulimi.

Usilie, sijamaliza. Machozi yako yawekee udongo.

Marva, kanisani wewe ndiye utakayesimama. Useme mbele ya mchungaji na kina mama wote: Mama yangu aliuimba wimbo ule, na Mama yangu alikana kuuimba. Yote mawili, usiache moja ukanifanya malaika. Na jiwe mliandike Verona Liburd, mwimbaji. Msiandike mama mpendwa. Hilo nyinyi mnalijua na wengine haliwahusu.

Lorna akija, aje. Msimfungie mlango, mimi si Haigh. Lakini kanisani asishike kipaza sauti, na santuri ile isifunguliwe, hata kidogo, hata watu wa televisheni wakisema wanakuja na maua ya gari zima. Aje makaburini. Sisi tunajua tunavyozika: wanaume wenyewe huvua makoti wakashika koleo, hatumwachii mtu wa baraza la mji na mashine yake, na wanawake huimba mfululizo, mvua au theluji, wala wimbo haukatiki mpaka udongo uwe tuta. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwa hiyo uanzishe wewe, Marva, na usiniambie huna sauti, hakuna aliyekuuliza uzuri wake. Halafu mwiteni Lorna. Mwekeni katikati ya kina mama, bega kwa bega na Eulalie, mpeni kitabu cha nyimbo kama hajui maneno. Kamera zibaki nje ya geti. Aimbe.

Na mnisikilize hapa kuliko kote. Akitetemeka, msimcheke. Akipotea, Eulalie amshike mkono amrudishe. Lakini msimfunike. Kina mama wapunguze, wapunguze mpaka yeye asikike, yeye na koo lake, lolote lile. Najua hilo litamwuma kuliko mahakama. Litamwuma, na bado ndilo jambo la haki pekee mtu yeyote amewahi kumtendea, maana tangu ana miaka ishirini na mmoja hakuna aliyetaka kuisikia sauti yake, Haigh hakutaka, kamera haikutaka, nchi nzima haikutaka. Mimi nataka. Sijui kama huku ni kumsamehe. Msiniulize, sina nguvu ya kulipima.

Sogeeni. Mkono wako uko wapi, Clyde. Sioni vizuri... Haya. Mungu aliyemsikia Hana akiomba hekaluni, midomo yake ikicheza na sauti isisikike, awasikie nyinyi hata mkinyamaza. Awape majina yenu muyale na kuyavaa. Msigombane kwa ajili ya nyumba. Mpendeni Eulalie, ana maneno makali lakini... ana maneno makali tu, mpendeni hivyo hivyo. Nawabariki mkiingia. Nawabariki mkitoka. Watoto wenu nawabariki, hata yule mdogo anayeng'ata.

Clyde. Utakuwa na koleo wewe. Vijana wa kanisa huwa na haraka, wanataka kumaliza wakale... Wewe usiwe na haraka. Polepole na huo udongo, mwanangu. Nataka nimsikie.