Kikosi Nilichokiandika Mimi

Sikilizeni wanangu, na wewe Swaumu weka hiyo simu chini, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Mirathi haina maneno: hivi vyumba vya hapa Mchafukoge shehe atawagawia kama sheria inavyotaka, na atakayeanzisha ugomvi kabla arobaini yangu haijapita ajue amenichosha hata kaburini. Filimbi apewe Chiku, kwani ndiye peke yake aliyekuwa akija uwanjani hata timu ikifungwa.

Lililonikaa rohoni ni la klabu. Miaka tisa niliifundisha Nyota ya Mchafukoge, na miaka hiyo yote viongozi walinipangia kikosi. Nawanoa vijana juma zima, siku ya mechi analetwa mtu na karatasi, huyu acheze, yule akae. Kanada, nilikopelekwa miezi mitatu kusomea ukocha, waliniambia kikosi ni cha kocha, nikawacheka moyoni jinsi wasivyoijua Kariakoo. Nilichukia, jamani! Nikaacha ukocha, nikagombea ukatibu, nikaapa mbele ya wanachama kwamba kocha wangu hatapangiwa hata mbeba mipira. Kocha mwenyewe nikamleta mimi: Rajabu, aliyekuwa nahodha wangu, huyu huyu anayekuja kunijulia hali kila Ijumaa, mnayemwona akiuza viatu vya mitumba sokoni.

Sasa ile fainali. Kamati ya ufundi, jina la heshima tulilowapa wale wanaozunguka kwa waganga, ikarudi asubuhi na habari kwamba golikipa wetu Samson ana mkosi, asisimame langoni. Mimi, mwenye cheti cha Kanada ukutani, nikaogopa. Nikachukua kalamu, nikaandika kikosi kwa mkono wangu, nikampelekea Rajabu chumba cha kubadilishia nguo. Akakisoma, akasema, "Sawa, Katibu." Siku zote alikuwa akiniita kocha. Tukafungwa manne.

Kwenye mkutano pale Mnazi Mmoja wanachama walitaka jina la aliyemweka Samson benchi, nami nikasimama nikasema kikosi hupangwa na kocha. Walimzomea mpaka barabarani, na hakuna timu iliyomchukua tena. Kesho yake akanirudishia karatasi yangu, na mpaka leo hajaitaja. Hilo linaniudhi kuliko ugonjwa wenyewe: angenitukana hata mara moja, ningepata pa kuanzia kumwomba radhi.

Karatasi imo mfukoni mwa trakisuti yangu ya kijani, humo kabatini. Abdulmajid, najua Jumapili unagombea uenyekiti, na najua unaomba kura kwa jina langu, mtoto wa katibu aliyeheshimu makocha. Isome mbele yao kabla hawajapiga kura. Pengine utashindwa. Nilikuwa na miaka ishirini ya kuisoma mwenyewe, nikaona aibu, sasa nakubebesha wewe, na hilo nalo ni kosa langu, usinisamehe haraka.

Siku ya kunizika, Rajabu ashuke kaburini pamoja nawe kunipokea. Akikataa, msimsihi.

Radhi zangu nawapa sasa hivi, nyote watatu, kabla sijajua kama mtanitii, msije mkasema niliwanunua. Mungu awaweke, awapendanishe, asimpe hata mmoja wenu kitu cha kuficha kabatini miaka ishirini.

Chiku, maji... basi, yatosha. Leo Ijumaa, sio? Huyo anayekohoa sebuleni ni yeye, namjua. Majidi, usingoje Jumapili. Itoe... ndiyo, hiyo. Fungueni mlango, asikie. Soma, baba... sauti, mwanangu, sauti... anza na golikipa.