Marehemu Dedan Musembi Kioko na Maji ya Kisima cha Mkwewe

Wachungaji, masheikh mliotuheshimu kwa kufika, wazee wa mtaa, wafiwa na waombolezaji wote, poleni na msiba. Mimi ni Kahindi Kambi, mwalimu wa shule ya msingi, ndugu mdogo wa Sidi ambaye leo ni mjane, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Dedan Musembi Kioko, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1988, hapa kwake Dabaso. Nawaomba mnivumilie, maana ndani ya karatasi hizi mna jambo ambalo halijawahi kusomwa mbele za watu, na dada yangu nilimsomea juzi yote tangu mwanzo, akalia, akanawa uso, akasema lisomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1932 huko Mbooni, wilaya ya Machakos, mtoto wa tatu wa Mzee Kioko Musyoka na Mama Nduku, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya misheni karibu na kwao hadi mwaka 1949, na mwalimu wake mmoja alikuwa na hadubini ndogo ya shaba, ile mashine ya kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho, ambayo wanafunzi waliruhusiwa kuitazama kwa mbali tu. Siku moja mwalimu alipotoka nje, Musembi alitia chini ya kioo tone la maji ya mtaroni, akaona viumbe vinakwenda na kurudi, na kwa kosa hilo alichapwa viboko sita. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba vitatu vya kwanza hakuvisikia, kwa sababu mawazo yalikuwa bado ndani ya lile tone.

Kutoka hapo hakutaka kazi nyingine. Alijifunza kazi ya maabara Nairobi kuanzia Januari 1954 hadi Novemba 1956, akapata cheti chake, na tarehe 2 Februari 1957 aliripoti katika zahanati moja ya wamisionari huko Malindi, kijana mwembamba wa Kikamba mwenye sanduku la bati, asiyemjua mtu na asiyependa samaki. Samaki alijifunza kula baadaye, lakini chumvi alikuja nayo kutoka kwao, akawa anaimwaga juu ya kila chakula kabla hajaonja, jambo lililomuudhi kila aliyempikia.

Tarehe 15 Desemba 1962 alifunga ndoa na dada yangu Sidi, binti wa Mzee Kambi Thoya na Mama Nyevu wa hapa Dabaso, baada ya baba yetu kumzungusha mwaka mzima akimuuliza atamlishaje mtoto wake kwa kazi ya kuchungulia vinyesi vya watu. Mungu aliwajalia watoto wanne, nao ni Nduku, aliyezaliwa 1964 na sasa ni muuguzi, Kioko, aliyezaliwa 1967, Hannah, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1973, na kitinda mimba Musyoka, aliyezaliwa 1976. Hannah hayuko nasi, na habari yake nitaifikia.

Wengi wenu mlimjua marehemu kwa masomo yake ya Jumamosi katika darasa la ngumbaru, aliyoyaanza mwaka 1968 bila kuombwa na mtu, akija na hadubini ya kazini kwa ruhusa, ameifunga kwa shuka na kuipakata mapajani kama mtoto mchanga. Neno alilokuwa akilirudia ni kwamba vijidudu si maradhi, vijidudu ni majirani, wengi wao ni wema na wachache ni wabaya, na mtu asiyewajua majirani zake hawezi kujua mwizi ni yupi. Alitufundisha kwamba kijiko kimoja cha udongo wa shamba kina vijidudu vingi kuliko watu wote wa Kenya, akang'oa mkunde mbele yetu akatuonyesha vile vinundu vya mizizini, akasema humo ndimo vinamokaa vijidudu vinavyoutilia udongo mbolea, ndiyo maana mahindi yakifuatia kunde hunawiri. Alitueleza kwamba hata matumboni mwetu vimo, vinatusaidia kusaga chakula, na akina mama waliposhika matumbo yao kwa hofu alicheka mpaka akavua miwani.

Hakuwahi kunywa mnazi, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, lakini hakuna aliyeusifu mnazi kumzidi. Mwaka 1972 alimwomba rafiki yake, Mzee Kiponda, mgema ninayemwona ameketi pale nyuma, alete tembo aliloligema asubuhi ile, akatia tone moja chini ya kioo, akatuonyesha hamira zinavyojigawa, moja kuwa mbili, akasema hizo ndizo zinazougeuza utamu kuwa ulevi, na hizo hizo ndizo zinazoumua vitumbua vya mama mkwe wake. Mzee Kiponda alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama vile vijidudu vyenyewe vimekwisha kulewa au vinangoja wateja. Tangu siku ile wawili hao walikuwa kama ndugu, mmoja wa mnazi na mwingine wa chai, na wake zao walipeana majina ya utani.

Sasa nafika mwaka 1983. Mwanzoni mwa Aprili mwaka ule kulisikika kipindupindu upande wa Magarini, na marehemu alitumwa na zahanati kupima visima vyote vitano vya kijiji chetu. Kijidudu cha kipindupindu huja na kinyesi na huingia majini, maji yanaweza kuwa meupe, matamu na baridi huku yamekibeba, kwa hiyo macho na ulimi havitoshi, lazima maji yatiwe kwenye chupa iliyochemshwa, yapelekwe maabara, yaoteshwe juu ya kisahani chenye utelezi unaotokana na mwani, yangojewe siku nzima. Na sheria ya kwanza ya kazi hiyo, aliyotufundisha sisi wenyewe darasani, ni kwamba anayepima ndiye anayeteka.

Jumatano tarehe 6 Aprili aliteka mwenyewe katika visima vinne. Kisima cha tano kilikuwa cha mama yetu, nyuma ya jiko lake, ndani ya ua alimoogea na kupikia, na ninyi nyote mnajua, Wagiriama kwa Wakamba, kwamba mwanamume haingii mahali kama hapo kwa mkwewe, hamtazami machoni, wala hamtumi. Basi alisimama nje ya ua kwa heshima yake yote, akanipa chupa mimi, akasema, "Shemeji, nitekee maji ya kisima." Nikaingia, nikamwambia mama kwamba mkwewe anataka maji.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa heshima. Hakuweza hata kufikiria kumpa mkwe maji ya kisimani yenye majani. Aliichukua chupa mkononi mwangu, akaenda kwenye mtungi wa wageni, ambao maji yake aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, na kuufukiza kwa ubani kama alivyojifunza kwa jirani zake wa Watamu, akaijaza, akaifuta, akanipa. Mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mwalimu, mwanafunzi wa masomo ya Jumamosi, nilimwona anateka mtungini na si kisimani, na nilifurahi kwamba mama yangu amemheshimu shemeji yangu. Nilitoka na chupa nikamkabidhi.

Majibu yalitoka Ijumaa tarehe 8. Visima vitatu vilifungwa, kimoja kikatiwa dawa, na cha mama yetu kikaandikiwa kuwa maji yake ni safi, kwa saini ya Dedan Musembi Kioko. Kijiji kizima kikaja kuteka kwetu, na mama kwa furaha akaacha kuchemsha hata yale ya mtungi, maana mkwe wake aliyesoma amesema hakuna haja. Watoto walikuwa wamefunga shule, na Hannah alikuwa amekuja kumtembelea bibi yake.

Mgonjwa wa kwanza alianguka tarehe 13. Tarehe 15 marehemu alirudi, na mara hii hakusimama nje, aliomba radhi kwa sauti, mama akajifungia ndani asimwone, akateka mwenyewe, na kisahani kilipoota kilijaa. Alikifunga kisima kwa mikono yake, kisha kwa siku tisa akapita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, akiwanywesha wagonjwa kwa kijiko. Waliougua walikuwa thelathini na wanane, na thelathini na wanne kati yao walipona, baadhi yao wamelibeba jeneza hili leo. Wanne walifariki, nao ni Mzee Dena, mjane mmoja wa jirani aliyekuwa mgonjwa tangu zamani, mke wa Mzee Kiponda, na mnamo Jumanne tarehe 19 Aprili, mtoto Hannah Musembi, wa miaka tisa.

Alipoulizwa na wakubwa wake, marehemu aliandika kwamba hakuteka kwa mkono wake mwenyewe kama inavyotakiwa, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Hakutaja chupa ilipita mikononi mwa nani. Tarehe 1 Juni 1983 alihamishiwa tawi la zahanati huko Mtwapa, akawekwa kwenye kuosha vyombo vya maabara, na kwa muda wote uliobaki hakuruhusiwa kutia saini jibu lolote. Hapa kijijini aliitwa Daktari wa Maji Safi. Masomo ya Jumamosi yalikufa kwa kukosa watu, alipokuja mwishoni mwa wiki salamu zake ziliitikiwa na watu wachache, na Mzee Kiponda, ambaye simlaumu kwa lolote, hakumpa mkono tena. Na mimi niliyeibeba chupa nilikuwa nikila chakula cha Jumapili nyumbani kwake, nikanyamaza.

Mama yetu alifariki tarehe 27 Agosti 1986. Tulipokwisha kumzika, shemeji alinivuta kando, akaniambia kwamba siku ile alipoifungua chupa ilinukia ubani. Alijua pale pale kwamba hayo si maji ya kisima, na alitaka kurudi, lakini aliona haya kumwambia mama mkwe kwamba maji yake ya heshima hayafai, akajisemea kwamba huenda harufu ilitoka kwenye mkono wa mama tu. Kwa hiyo, akasema, alichoandika kwa wakubwa hakikuwa uongo. Nilimwambia nitakwenda kuwaeleza watu, naye akanikataza, akasema mama yangu alikufa akijua kwamba alimpa mkwewe maji mazuri, na ni vyema abaki hivyo. Nilitii, na ukweli ni kwamba kutii kulinifaa mimi kuliko mtu yeyote.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Desemba 1987. Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua shinikizo la damu ambalo lilikuwa limekwisha kuharibu figo, akalazwa mara tatu. Aliwatania wauguzi kwamba ameishi na vijidudu miaka thelathini vikamwacha, akaja kushikwa na chumvi. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 7 Novemba 1988, saa nne asubuhi, mkewe na bintiye Nduku wakiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa Malindi na wa Mtwapa waliokuja na gari lao, waumini wa kanisa lake, ndugu zetu waliosafiri kutoka Mbooni, na majirani mliopika, mlioteka maji na mliochimba kaburi. Nawashukuru pia mliokuja huku mkiamini kwamba huyu ndiye aliyewaua watu wenu, kwa maana mmekuja kumzika mtu mliyemchukia, na hilo si jambo dogo.

Ninyi sasa mmeyasikia yote. Mzee Kiponda, shikamoo. Mkeo alikunywa maji ya kisima ambacho mimi niliona hakikutekwa siku ya kupimwa, na kwa miaka mitano na nusu umemnyima mkono mtu ambaye si yeye. Nikimaliza kusoma sitarudi kuketi na wafiwa, nitasimama pale kando ya kaburi, na wewe, na jamaa wa wale wengine, mkiwa na neno nami njooni mnieleze, leo au siku yoyote, sitakwenda mahali.

Shemeji, umepumzika. Kuanzia leo wataniuliza mimi.